Mdanzi Chini ya Mlimau

Mwisho wa mwezi wa tatu hakuna mtu mjini Nabeul anayeuliza njia ya kwenda soko la maua. Pua inatosha. Asubuhi ile wanawake walikuwa wamebanana kuzunguka mashuka yaliyotandikwa chini, mashuka yaliyojaa maua meupe ya mdanzi, ule mchungwa mchungu, na kila mmoja alikuwa anachota, ananusa, analalamikia bei, kisha ananunua vilevile. Katikati yao alisimama Emna, mfamasia, na koti lake la kijani, mtandio wa rangi ya zafarani na viatu ambavyo havikuwa vya sokoni hata kidogo. Alitakiwa awe amefungua duka la dawa saa tatu.

"Nipimie haya," alimwambia muuzaji, "na usinipunje."

"Hayo usichukue," sauti ilisema nyuma yake.

Aligeuka. Juu ya ndoo iliyopinduliwa, katikati ya miche ya michungwa na mitini, alikaa mwanamume mrefu mwenye koti la kazi la bluu lililopauka mabegani. Mikono yake ilikuwa imechanwachanwa na miiba kama ya mtu aliyepigana na paka.

"Nani kakuuliza wewe?"

"Hakuna. Lakini hayo yamechanganywa. Nusu ni ya mchungwa mtamu. Ukiyachemsha ukakeneka mvuke wake utapata maji ya kudekia sakafu."

"Mehrez!" muuzaji alifoka. "Uza miti yako, niachie maua yangu!"

"Mimi nayaona sawa tu," Emna alisema.

"Kwa sababu unayatazama. Hebu tafuna moja."

Sijui ni kwa nini Emna alitii. Yeye ni mtu wa kubisha hata na mizani. Alitafuna ua moja, halikuwa na neno. Akatafuna la pili, ulimi ukamshika na uso ukamkunjamana mbele za watu.

"Hilo lililokukunja uso ndilo la mdanzi," Mehrez alisema. "Uchungu wake ndio harufu yake."

"Kumbe hapa wateja mnawalisha kwanza, kama mbuzi."

"Mbuzi wazuri tu."

Wanawake waliangua kicheko, na Emna akahisi masikio yanamwaka. Lakini Mehrez alipompeleka kwenye shuka jingine, alikwenda. Na alipomuuliza, "Kwenu hamna mdanzi wenu?" alijibu bila kufikiri:

"Kwetu kuna mlimau. Tena mgonjwa."

Utani ulimtoka Mehrez usoni palepale. "Mgonjwa vipi? Gome linatoka gundi?"

"Linatoka. Na matawi yanakauka kuanzia juu."

"Nitakuja kuuona."

"Mimi sijakukaribisha."

"Wewe hujanikaribisha. Mgonjwa ndiye kaniita."

Mlimau huo ulikuwa na kisa chake. Bi Habiba, mama yake Emna, alipoolewa alimwomba mumewe kitu kimoja tu, mdanzi wake mwenyewe uani, ili majira ya maua yakifika asiende kubanana sokoni. Mume, karani mpole asiyejua kutofautisha mti na mwingine, akamletea mche. Waliumwagilia miaka mitatu, na siku ulipozaa ukazaa malimau. Bi Habiba alicheka mpaka akakaa chini. Hakuung'oa. Alisema mti umekosea nyumba kama wageni wengine tu, na mgeni hafukuzwi. Kila mwaka alinunua maua sokoni, na kila mwaka alichukua kisu cha jikoni akakata machipukizi yaliyoota chini ya shina. "Wezi hawa," alisema, "wananinyonyea mti wangu." Sasa alikuwa na miaka mitatu kaburini, na tangu afe hakuna aliyeshika kile kisu.

Mehrez alichuchumaa mbele ya mlimau ule muda mrefu. Aligonga gome, akanusa udongo, akapenyeza mkono nyuma ya shina, pale yasmini ilipofunga ukuta mzima. Mkono ulikawia huko. Alipoutoa ulikuwa na mkwaruzo mpya wenye damu, na yeye akautia mfukoni.

Aliyemletea kahawa alikuwa Mama Mkubwa Manubia, dada yake Bi Habiba, mjane aliyeishi na Emna na mwenye masikio yanayosikia akipenda tu. Alimdondoshea matone matatu ya maji ya maua kwenye kikombe.

"Si ya chupa ya kwanza haya," alimwambia waziwazi. "Chupa ya kwanza ya mwaka kwetu haionjwi na mgeni. Ni ya mtu wa nyumbani."

"Hata ya mwisho inanitosha, mama," Mehrez alisema, akanywa huku amefumba macho.

Alipoondoka, Manubia alimgeukia mpwa wake. "Huyu kalelewa."

"Kaja kwa ajili ya mti, Mama Mkubwa."

"Ini langu, na mimi nilivyoolewa marehemu mume wangu alikuja kwetu kununua kuku."

Basi Mehrez akawa anakuja kila Ijumaa na dawa yake ya chokaa, na katikati ya Ijumaa na Ijumaa kulikuwa na simu, ambamo Emna alikwisha kumpa jina la Miiba.

"Halo, Daktari. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Yupi, mti au mimi?"

"Mti nitauona kesho. Niambie wewe."

"Mimi nina homa kidogo. Na wewe unajua dawa, Miiba, unajitia hujui."

Majira ya joto walitembea ufukweni, wakala aiskrimu iliyoyeyuka haraka kuliko maneno yao. Emna alimpenda kwa namna alivyogusa vitu. Alifungua mlango, alipasua tini, alimfunga mtandio upepo ulipoufungua, yote taratibu, kama vile kila kitu kina chipukizi ndani yake linaloweza kuvunjika. Alikuwa hajawahi kumwona mtu mwenye subira namna ile, na alimwambia hivyo. Mehrez alicheka akasema subira ni ya miti, yeye anaiazima tu.

Kulipoanza baridi mlimau ulibakiwa na tawi moja lenye majani. Emna alimshika mkono. "Niahidi kitu kimoja. Usiukate mimi nisipokuwepo. Ndio mama yangu aliyebaki."

"Naahidi," alisema Mehrez. Naye alimaanisha.

Mwezi wa kwanza Emna alikwenda Sfax kwa mafunzo ya wiki mbili. Aliporudi aliingia uani na sanduku bado mkononi, akasimama. Mlimau haukuwepo. Palikuwa na kisiki cha kufika magotini kilichopakwa chokaa. Kwenye msumari uliopigiliwa kisikini alining'inia samaki mdogo wa udongo, wale wanaofinyangwa hapohapo Nabeul kwa ajili ya kukinga jicho la husuda, na nyuma yake, ndani ya yasmini, gunia kuukuu refu limeegemezwa ukutani kama takataka iliyosahauliwa.

Alimpigia kaka yake kwanza. Nizar alikuwa na nyumba yake mtaa wa pili, na kwa miaka miwili alikuwa akiimba wimbo mmoja tu, kwamba ua ule uwekwe vigae apate pa kulaza gari lake.

"Ni wewe?"

"Mimi? Hata msumeno sikuugusa!" Nizar alicheka. "Kaukata Mehrez wako kwa mkono wake mwenyewe. Tulielewana vizuri sana, yule ni mtu mwenye akili."

Simu ya pili ilipokelewa kabla haijalia mara mbili.

"Umerudi, roho yangu?"

"Umeukata."

"Nimeukata."

"Uliniahidi."

"Nilikuahidi. Nimevunja."

"Kwa nini? Niambie neno moja tu, Mehrez. Nizar kakushawishi?"

"Nizar alikuwepo. Emna, siwezi kusema sasa. Subiri majira ya maua."

"Nisubiri maua kwenye kisiki? Umenikatia mama yangu, umempachika samaki juu, halafu unaniambia nisubiri? Usinipigie tena."

Akamfungia namba. Alifunga na dirisha la chumba chake linaloangalia uani, na nguo akawa anazianika juu ya dari, ili asilazimike kupita pale. Mama Mkubwa Manubia alifungua mdomo mara mbili tatu akaufunga. Kwa mwanamke yule, hilo peke yake lingetosha kumshtua Emna kama angekuwa anatazama.

Mehrez alikuja duka la dawa mara mbili kununua peremende za kikohozi. Mara zote mbili Emna aliingia stoo akahesabu maboksi yaliyokwisha kuhesabiwa, akamwacha mwenzake amhudumie.

"Yule hakohoi," mwenzake alisema.

"Basi zitamsaidia asianze."

Usiku hakulala vizuri, na mchana alikuwa mkali kwa wateja. Alimtamani Miiba wake, naye alijichukia kwa kumtamani. Mtu akikuumiza ungetamani mapenzi nayo yang'oke siku hiyohiyo na mizizi yake. Hayang'oki.

Wiki kumi zilipita. Asubuhi moja ya mwisho wa mwezi wa tatu Emna alikuwa anachana nywele akasikia harufu. Alidhani majirani wamewasha moto wa kukeneka. Akachungulia barabarani, hakuna moshi wala mtungi wa shaba. Harufu ilikuwa inapenya kwenye ufa wa dirisha alilolifunga.

Alilifungua.

Gunia halikuwepo. Pale lilipokuwa, kutoka chini kabisa ya kisiki, kilisimama kijiti kirefu kupita mtu, kimefungwa ukutani kwa kitambaa, kina miiba mirefu na majani mabichi ya kung'aa. Nacho kilikuwa kimechanua. Hakikuchanua kwa aibu, ua moja huku na jingine kule. Kilichanua chote, kutoka magotini hadi kileleni, hata kwenye vijitawi vyembamba kama njiti, maua yamebanana kama wanawake sokoni, na nyuki walikwishafika kabla yake.

Emna alishuka pekupeku. Mti gani huu? Maua ya mlimau aliyajua tangu utoto, tumba zake zina doa la zambarau. Hizi zilikuwa nyeupe tupu, nene, kama zimechongwa kwenye sabuni. Na kila jani lilikuwa na jani jingine dogo limeshika shingo yake. Alichuma ua moja akalitafuna.

Uso ukamkunjamana. Uchungu ulimshika ulimi palepale uliposhika mwaka jana, na Emna akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, amesimama kwenye udongo wa baridi na sega bado kichwani.

"Mama Mkubwa! Mama Mkubwa, njoo! Mdanzi!"

"Najua," alisema Manubia. Alikuwa amekaa kwenye ngazi na kikombe chake, na macho yake yalikuwa mekundu. "Nimeuona ulipotoa tumba ya kwanza. Siku kumi na mbili nimekaa na ulimi wangu huu kama mwenye jipu."

"Umetoka wapi?"

"Ulikuwepo, ini langu. Ulikuwepo siku zote. Mlimau wenu ulikuwa kijiti kilichopachikwa na kubebeshwa juu ya shina la mdanzi, ndivyo wafanyavyo wenye vitalu. Wezi wale aliokuwa akiwakata marehemu mama yako kila mwaka, ndio hawa. Alikuwa anakata mdanzi wake kwa kisu chake mwenyewe." Alijifuta pua. "Alipokufa hakuna aliyekata. Mmoja akajificha kwenye yasmini, akakua."

Emna aliketi chini palepale, kama mama yake alivyoketi siku ya malimau.

Ndipo akasimuliwa yote. Siku yake ya nne huko Sfax, Nizar alifika na vibarua wawili na sululu kuung'oa mti mzima na mizizi yake. Manubia alimpigia Mehrez. Alikuja mbio akasimama kati ya sululu na shina. "Juu umekufa," alimwambia Nizar. "Nitakukatia mimi hapahapa mbele yako. Lakini mzizi niachie mpaka majira ya maua yaishe. Yakiisha hapajachanua kitu, nitakuja mwenyewe nikuchimbie." Nizar alicheka akakubali, akiona kisiki hakina pa kwenda.

"Na wewe ukanyamaza!"

"Aliniomba. Fundi aliyemfunza kazi ya miti alimwambia kwamba chipukizi linalotangazwa kabla ya kuchanua hupigwa jicho likakauka. Mimi na jicho silichezei." Kisha, kwa sauti ndogo zaidi: "Na nadhani aliogopa. Kilikuwa kijiti tu, Emna. Baridi ingekiua usiku mmoja, ndiyo maana akakivika lile gunia, nami nimelivua kilipoanza kuchanua."

Nizar alipita adhuhuri. Alisimama mlangoni, pua juu, kama mtu aliyeitwa jina. Alimkumbuka vizuri mama yake akirudi kutoka sokoni na mifuko ya maua. Alizunguka kile kijiti mara mbili bila kukigusa.

"Gari litalala nje," alisema, akaondoka haraka wasimwone uso.

Maua hayakutosha kujaza hata robo ya mtungi wa shaba. Manubia alishauri wanunue mengine wachanganye. Emna alikataa katakata. Waliyachuma kwa mkono, moja moja, wakiacha yale ya kileleni kwa ajili ya nyuki, wakayakeneka kwenye sufuria ndogo ya maziwa yenye mfuniko uliogeuzwa, na barafu juu yake. Wanawake wawili walikaa saa nzima kusikiliza matone. Mwishoni palipatikana maji ya kujaza kichupa kimoja, kichupa cha dawa ya kikohozi ambacho Emna alikichemsha mara tatu.

Asubuhi iliyofuata alivaa koti la kijani na mtandio wa zafarani, na safari hii viatu vya sokoni. Mehrez alikuwa juu ya ndoo yake katikati ya miche. Alikuwa amekonda. Alipomwona alisimama, ndoo ikaanguka.

"Nimekuletea dawa," Emna alisema. "Nasikia unakohoa."

Alikipokea kichupa, akafungua, akanusa. Akafumba macho. Wanawake wa karibu waliacha kuchagua maua.

"Umechanua," alisema polepole.

"Maua mia mbili na kumi na saba. Nimeyahesabu."

"Mia mbili?" Alijifunika uso kwa ile mikono yake yenye mikwaruzo. "Mimi nilikuwa naomba kumi. Wallahi, Emna, kumi tu, nikuoneshe rangi."

"Kwa nini hukuniambia? Na usinitajie jicho."

Alishusha mikono. "Kama kingekufa ungemzika mama yako mara ya pili. Nikaona heri unichukie mimi."

"Ulikosea."

"Nilikosea. Na ahadi nilivunja, hilo sina la kujitetea."

"Na mimi nilikosea. Uliniomba nisubiri, nikakufungia simu." Alimsogelea. "Lakini sikiliza, Miiba. Siku nyingine ukiwa na hofu kubwa hivyo, usibebe peke yako. Niletee nusu yangu."

"Nitakuletea."

"Haya. Sasa hicho kichupa. Unajua ni cha ngapi mwaka huu?"

Alikitazama, kisha akamtazama yeye. "Ni cha kwanza."

"Ni cha kwanza."

"Emna, cha kwanza kwenu ni cha mtu wa nyumbani. Mimi si mtu wa nyumbani."

"Najua. Ndiyo maana nimesimama hapa mbele ya wanawake wote wa Nabeul, nasubiri nione utafanya nini."

Soko lilitulia mpaka nyuki wakasikika kwenye mashuka.

"Mehrez!" yule muuzaji wa mwaka jana alipiga kelele. "Sema, bwana! Watu wanataka kununua!"

"Mama yangu atakuja kwenu Ijumaa," Mehrez alisema. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Kuposa."

"Ijumaa mbali."

"Kesho?"

"Kesho alasiri. Kahawa itakuwa tayari." Emna alichukua kichupa, akakifunga vizuri, akakitia mwenyewe kwenye mfuko wa lile koti la bluu, akaupapasa mara moja. Wanawake walikwishaanza vigelegele, ikabidi apaze sauti. "Na mwambie asihangaike kutuletea maua. Maua tunayo."